Rangi ya Mafuta, Rangi ya Maji

Kibaoni maana yake ni penye kibao. Tanzania ina vituo vingi vyenye jina hilo, na ukiuliza, kwa kila kimoja utaambiwa palikuwa na ubao uliochomekwa kuonyesha njia. Ubao ukaoza, jina likabaki. Kibaoni cha Ifakara kiko pale barabara ya kutoka Kidatu inapogawanyika, tawi moja likiingia mjini na jingine likishika njia ya Mlimba. Kwa mtu aliyekuja kusoma kuta, sikuona pa kuanzia pazuri kuliko hapo.

Nilishuka na begi langu, nikawakatalia bodaboda wanne. Wa tano hakukata tamaa. Akawa ananifuata taratibu, injini ikikohoa.

"Unaelekea wapi, kaka?"

"Siendi mbali. Natazama kuta."

"Kuta zipi?"

"Zote."

Akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa. "Basi utafika kesho," akasema, akageuza.

Nilikuwa nimeonywa kwamba Ifakara hakuna cha kuona. Rafiki yangu wa Dar es Salaam, anayejua kila ukuta uliopigwa kopo la kupuliza kuanzia Msasani hadi Tandale, aliniambia sanaa ya mtaani ni mambo ya miji mikubwa. Kwake yeye historia inaanza mwaka 2007, vijana wa Wachata walipojikusanya na kuanza kuchora grafiti jijini. Jina lao limetoka kwenye neno ambalo kila mtoto wa mtaani analijua: chata, yaani alama yako, saini yako, ile unayoiacha ukutani au kwenye dawati la shule ili watu wajue ulipita. Na kwa Wakenya mfano unaotajwa haraka ni ule wa mwaka 2012, mpiga picha Boniface Mwangi na wenzake walipochora katikati ya Nairobi tumbusi aliyevaa suti, picha ya mwanasiasa anayewala waliomchagua. Michoro ya namna hiyo Ifakara sikuiona. Kopo la kupuliza lenyewe sikuliona, isipokuwa kwa fundi mmoja wa magari.

Lakini tangu lini kopo ndilo likawa kipimo? Mjerumani Karl Weule alipozunguka kusini mwa nchi hii mwaka 1906 alikuta nyumba za udongo zenye kuta zilizochorwa watu na wanyama, na wenye nyumba hawakuwa wakisubiri mgeni aje aziite sanaa. Ukuta wetu umezoea kusema. Tatizo ni kwamba tumeuzoea kiasi kwamba hatuusikii.

Ifakara ni mji tambarare, mji wa baiskeli, umelala kwenye ukingo wa bonde la Mto Kilombero huku safu ya Udzungwa ikiwa imesimama upande mmoja kama ukuta mwingine. Ukiwa ndani ya gari unaona maduka, mashine za kukoboa mpunga, magunia, basi. Ukiwa kwa miguu unaona kwamba nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma zisizopigwa plasta, ila upande mmoja tu, ule unaotazama barabara. Plasta ni ghali. Mtu anaipaka usoni kwa nyumba kama anavyonyoosha shati lake la Jumapili: mbele limenyooka, nyuma Mungu anajua. Kuna duka nililoliona halina plasta kabisa isipokuwa mraba mmoja juu ya mlango, upana wa kitanda cha mtoto, uliosawazishwa kwa uangalifu ili tu herufi zipate pa kukaa.

Herufi zenyewe ndizo zilizonichelewesha. SALUNI iliyoandikwa SARUNI, mara mbili, kwenye mitaa miwili tofauti. Mgahawa ambao mwandishi wake alianza kwa herufi pana za kifahari, akagundua ukuta unaisha, akabana, akabana, hadi herufi ya mwisho ikasimama peke yake kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa. Bucha yenye ng'ombe mwenye kope ndefu, anayetabasamu bila kujua yupo wapi. Kinyozi mwenye vichwa sita vimepangwa safu mbili, denge, panki na mitindo mingine ambayo vijana wa leo hawawezi kuitaja, vyote vikitazama upande mmoja kana kwamba basi linakuja.

Kupiga picha kulikuwa na shida yake. Mara tatu wenye maduka walitoka nje wakiwa wamekunja uso. "Unatoka halmashauri?" Bango hutozwa ushuru, na mtu mwenye kamera anayesogelea bango polepole, kichwa upande, hana sura ya mpenda sanaa. Ana sura ya mkusanya mapato. Nikajifunza kusalimia kwanza, kununua soda, kusifia ng'ombe, ndipo nitoe simu.

Kwa mwenye vichwa sita nilipata soda, kiti na jibu. Aliyechora, akasema kinyozi, yupo nyuma ya soko, leo anaandika duka la pembejeo.

Nilimkuta amepiga magoti. Mtu wa makamo, suruali yake ina rangi zote alizowahi kulipwa kuzitumia. Alikuwa bado hajaandika kitu. Alikuwa amenyoosha uzi uliopakwa chaki, mwisho mmoja ameufunga kwenye msumari, mwingine ameushika, akauvuta katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Pah. Mstari mweupe ukatokea ukutani, mwembamba na ulionyooka kuliko rula. Akarudia juu. Kisha akahesabu herufi za jina la duka kwa midomo bila sauti, akatafuta ya katikati, na hiyo ndiyo aliyoiandika kwanza. Kutoka hapo alikwenda kulia hadi mwisho, akarudi katikati, akaenda kushoto kinyumenyume. Nilimwambia nimeona mgahawa ambao herufi yake ya mwisho imebanwa.

"Huyo alianza na A," akasema. "Anayeanza na A ni mwanafunzi."

Brashi yake ya herufi ilikuwa bapa, nywele zake amezipunguza mwenyewe kwa wembe. Aliishika karibu na ncha, kidole kidogo kikigusa ukuta kama mguu wa tatu. Pinde za S alizichora kwa pumzi moja; nilimwona akiijaza kifuani kabla hajaanza. Watu wa baiskeli walipita wakimwita fundi. Hakuna aliyemwita msanii, na nadhani angegeuka kuangalia nani anaitwa.

Nilimuuliza swali la kwanza analomuuliza mteja. Nilitegemea atasema ni jina la duka.

"Ya mafuta au ya maji."

Rangi ya mafuta haiogopi mvua. Ukuta ukiupaka vizuri unakaa miaka. Rangi ya maji ni nafuu, inakauka haraka, lakini masika mawili yakiipitia inaanza kupauka na kubanduka kama ngozi ya aliyeungua jua. Jibu la mteja linamwambia fundi mambo mengi kuliko mteja anavyokusudia. Aliyepanga fremu kwa miezi sita husema ya maji. Mwenye nyumba yake husema ya mafuta. Kijana anayefungua duka la kwanza husema ya mafuta kwa sauti kubwa, kisha hurudi jioni peke yake na kusema, fundi, tuweke ya maji kwanza.

Nikaanza upya. Nilirudi mitaa ileile niliyoipita asubuhi, safari hii nikigusa. Rangi ya mafuta huwa laini chini ya kidole, na jua likiipiga inang'aa. Ya maji inaacha unga. Kwa kidole tu unaweza kuitembea Ifakara na kujua nani anategemea kubaki.

Kwenye rafu ya duka la vifaa vya ujenzi, rangi hiyo ya mafuta ni ndugu wa ile aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga. Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao vya mraba, picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima, na vipande vyake vya awali vimo kwenye makusanyo ya ng'ambo. Nimekuwa nikijiuliza kilichotenganisha ubao wake na ukuta wa bucha. Rangi ni ileile. Ng'ombe wa fundi wangu, kwa kope zile, hamuonei wivu chui yeyote wa Tingatinga. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba ubao unaingia kwenye sanduku la msafiri na ukuta hauingii. Kisichobebeka hakiitwi sanaa, kinaitwa kazi.

Kwa kuwa tulikuwa tumefikia wanyama, nilimuuliza kuhusu sheshe. Huyu ni swala mwekundu wa mbugani, na bonde la Kilombero kwa miaka mingi ndilo lilikuwa makao yake makuu duniani. Nilikuwa nimeona simba, twiga, tembo, hata mamba mmoja aliyevaa miwani. Sheshe, hakuna hata mmoja.

"Mteja hajawahi kuniambia sheshe," akajibu. "Simba ukimchora duka linaonekana duka. Sheshe watu watasema ni mbuzi."

Kitu cha pili nilichokosa raha nacho ni mbu. Ukutani kwenye duka moja la dawa kulikuwa na mbu mkubwa kama paka, amekatwa na mstari mwekundu wa marufuku, naye, kwa chata iliyokuwa kwenye kona, alikuwa kazi ya fundi huyuhuyu. Ifakara si mji wa kuchora mbu ovyo. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy wa Basel alianzisha hapa maabara ndogo, ile iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, na tangu hapo mbu wa bonde hili wamehesabiwa, wamepasuliwa na kuandikwa kuliko wananchi wengi. Miaka ya tisini chandarua chenye dawa kiliuzwa bonde zima kwa jina la Zuia Mbu, na hilo lenyewe ni somo la namna ya kuandika bango: maneno mawili, hakuna la ziada. Sasa, kila mtu wa mbu atakuambia kwamba anofelesi, yule wa malaria, akitua huinua makalio juu, mwili umeinama kama anayetafuta kitu chini ya kitanda. Mbu wa ukutani alikuwa amelala sambamba, tumbo limetulia. Huyo ni kuleksi. Anasumbua, anaweza kukuachia matende, lakini malaria si yake.

Nilimweleza fundi. Alisikiliza hadi mwisho, akachovya brashi.

"Kaka, yule nimemchora wa kutisha. Wa kupima wako kule taasisi."

Sikuwa na la kuongeza.

Mchana nilikaa kwa mama lishe karibu na soko, wali wa bonde na samaki wa mto, na mbele yangu kulikuwa na ukuta ambao baiskeli zimekuwa zikiegemezwa miaka mingi. Usukani ulikuwa umeukwangua mpaka umeacha kovu la umbo la mwezi mchanga, na ndani ya kovu matabaka yalionekana kama ya kitunguu. Nyekundu. Chini yake bluu. Chini ya bluu weupe wa chokaa, kisha plasta. Hiyo ni historia ya simu za mkononi Tanzania, iliyoandikwa na usukani. Vodacom tuliyoijua ya bluu ilivaa nyekundu mwaka 2011. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, jina likibadilika kila mara rangi na brashi zikatoka stoo. Tigo ya bluu imekuwa Yas tangu mwishoni mwa 2024. Kila kampuni ikibadili jina Ulaya, Ghuba au India, kuna nyumba kwenye bonde la mpunga inabadilishwa nguo.

Mwenye duka hakatai. Anapakiwa nyumba nzima bila kutoa senti, na jina lake linaandikwa dogo, chini ya jina kubwa lisilo lake. Nimesikia wasomi wakililalamikia jambo hili na kusema mitaa yetu imeuzwa. Mimi nilimuuliza mama lishe. Akasema kabla ya kupakwa, ukuta huo ulikuwa unameza unyevu hadi ndani, sasa hauingizi. Lakini alipotaka kumweleza mtu mahali alipo, akaongeza, zamani alisema njoo penye samaki, kwa sababu palikuwa na samaki. Siku hizi nyumba za rangi ile ziko kumi na moja. Alikuwa amezihesabu.

Kinachomnyima usingizi fundi wangu si kampuni za simu; hizo kuna wakati zilimpa kibarua. Ni fleksi. Bango la kuchapisha linaletwa limekunjwa kama mkeka, linapigwa misumari, nusu saa kazi imekwisha. Halina herufi iliyobanwa, hilo nakiri. Lakini mwanamke aliyeko kwenye fleksi ya saluni ametolewa kwenye intaneti, hajui Ifakara iko wapi, na nywele zake hazisukiki na mkono wowote wa mji huu. Vile vichwa sita vya kinyozi, kumbe, ni vya watu. Kinyozi alinionyesha cha tatu: ni dereva wa lori aliyehamia Mlimba. Cha tano ni mdogo wake. Mteja mmoja alikaa kwenye kiti, fundi akachora kutoka dirishani, na mpaka leo akipita hapo na familia yake anajionyesha.

Jioni niliendelea upande wa mabondeni, ambako Mto Lumemo ukifura huingia majumbani bila kubisha. Huko kuta zina mchoro mmoja usio na mwandishi: mstari wa kahawia, sawasawa kama uliopigwa kwa uzi wa chaki, unaopita nyumba hadi nyumba kwa kimo cha goti. Maji yaliposimama ndipo yalipoandika. Sasa nikaelewa kwa nini fundi alikuwa amepiga magoti asubuhi akipima, na kwa nini herufi zake zote zinaanza juu ya kiuno. Aliniambia baadaye kwamba chini ya hapo ni kwa mto.

Na kuna mwandishi mwingine asiyeulizwa kama anatumia mafuta au maji. Ukitembea kando ya barabara kuu yoyote nchini utamkuta: alama ya X, pana kama mikono iliyonyooshwa, na mara nyingine neno BOMOA. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na X ikapata sarufi yake. Nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi, utaondoka bila fidia. Kijani maana yake barabara ndiyo imekufuata, utalipwa. Herufi moja, rangi mbili, na kati yake hatima ya mtu. Sijui chata nyingine yenye nguvu hiyo. Nimeona sehemu nyingine nchini watu wakiishi ndani ya X miaka mingi, wakianika nguo juu yake, wakaongeza chumba. Wapo wanaoipaka chokaa. Inarudi.

Siku ya pili nilikwenda hadi mtoni, kwenye Daraja la Magufuli, mita 384 za zege zilizozinduliwa mwaka 2018 na kuchukua kazi ya kivuko. Watu wanaokwenda Mahenge na Malinyi hawasimami tena kusubiri. Zege ni jipya na ni kijivu, halijaandikwa kitu. Nilisimama kidogo nikatazama mitumbwi, nikarudi mjini, kwa kuwa fundi alikuwa ameniambia mchana ana kazi Viwanjasitini.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya familia, bati limeshika kutu, mwembe mbele. Mwenye kazi alikuwa bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kunitazama. Macho yake yalikuwa ukutani. Fundi alikuwa amekwisha piga mistari miwili ya chaki. Hakuhitaji kuuliza maneno, ni yaleyale yaliyo kwenye kuta za nchi nzima: NYUMBA HII HAIUZWI.

"Mama, ya mafuta au ya maji?"

"Ya mafuta."

"Upande wa mbele tu?"

"Zote nne. Hata huko nyuma kwenye choo. Wanakuja na wanunuzi usiku."

Hakutaja ni akina nani, na fundi hakuuliza. Alianza na herufi ya katikati. Kwa vile alikuwa na pande nne alinipa kopo nimshikie, na nikatembea nyuma yake kuizunguka nyumba hiyo mpaka jua likaelekea Udzungwa, kila ukuta ukipewa maneno matatu mekundu, herufi kubwa, zimekaa sawa. Zilikuwa nzuri kuliko za duka la pembejeo. Bibi aliinuka mara moja tu, akaja kugusa H ya mwisho, rangi ikamshika kidoleni, akaifuta kwenye kanga.

Fundi alipokuwa anasafisha brashi kwa petroli niliinama kwenye kona ya chini kulia, pale anapoweka chata yake: herufi mbili na kimshale. Nilikuwa nimeiona chini ya ng'ombe, chini ya vichwa sita, chini ya mbu. Hapo palikuwa patupu. Nikadhani amesahau, nikamwonyesha.

"Hapo hapana," akasema kwa sauti ya chini, bibi asisikie. "Hii ikifika mahakamani wataanza kutafuta nani aliandika. Mimi nina kazi kesho kwa huyo mwanawe."